Hati ya Ukuta

Miaka thelathini na moja nilikaa masijala ya ardhi, Tanga,
chumba cha mwisho, dirisha lililotazama choo.
Niligonga mihuri hata kiganja kikaota sugu ya duara.
Kwa hiyo Mwanamkuu aliponiambia,
"Babu, twende ukaone picha zinazouzwa hati tupu,"
sikucheka. Nilivaa koti.

Ghala lilikuwa la mkonge, na bado linanuka mkonge,
ukivuta pumzi unyuzi unakukaa kooni.
Wamelipaka weusi ndani, wamefunga kiyoyozi,
skrini kumi na tisa, kila moja na kiti mbele yake,
kama wodi ya Bombo saa ya kutazama wagonjwa.

Ya kwanza, samaki wa kioo anajimeza, anajitapika.
Ya pili, uso wa mwanamke:
sarafu yao ya mtandaoni ikipanda bei anarudi usichana,
ikishuka anakunjamana.
"Leo," alisema mlinzi, "tangu tufungue ni bikizee."

Nikauliza ninachojua kuuliza:
mmiliki nani, na jalada namba ngapi?
Kijana mwenye beji, Mbelwa,
akachangamka kama aliyeulizwa habari za mamake.
Picha, mzee, kila mtu anaweza kuwa nayo,
ipige kwa simu uende nayo Pongwe.
Kinachouzwa ni mstari katika daftari,
na daftari halikai ofisi moja, liko kwa maelfu ya watu,
ukifuta kwako, kwa wenzako linasomeka,
ukurasa umefungwa mnyororo na uliotangulia.

Nikamkumbuka mkuu wangu na wembe wake,
na ukurasa wa mia na kumi na nne
uliokuwepo Ijumaa, Jumatatu haupo.
Huku, nikasema moyoni, angekufa njaa.

Kisha namba kumi na moja.

Ukuta.
Chokaa imebanduka umbo la mbuzi asiye na kichwa.
Bomba: tone. Kimya. Tone.
Kwenye waya, kanga ya Mwanatumu inapepea,
inapepea, haikauki,
na mwenyewe tumemzika Rajabu iliyopita.

Huu ni ukuta wangu. Barabara ya Kumi na Sita, uani.
Nikageuka. Mwanamkuu alikuwa anatazama viatu vyake.
"Niliipiga kabla, babu. Kwa ile simu iliyopasuka."

Chini pamebandikwa jina la mmiliki:
sifuri, eksi, saba, efu, tisa…
herufi na tarakimu arobaini na mbili,
nimezihesabu mara mbili, ndiyo kazi yangu.
Hana jina la baba. Hana sanduku la posta.

Na nyumba ile haina hati.
Mimi niliyeandikia hati nusu ya mji huu!
Ndugu sita, mirathi haijafungwa,
faili limelala Mahakama ya Mwanzo tangu baba afariki.
Ukuta hauna karatasi. Kivuli chake kinayo.

"Ile hela," akasema polepole, "ndiyo bati za jikoni."
Nami mwaka mzima
namshukuru mjomba wake wa Muheza.

Sikumgombeza. Nilikaa kwenye kiti cha jamaa ya mgonjwa
nikangoja upepo umalize mzunguko wake.
Haumalizi. Unaanza tena pale pale,
pindo la kushoto kwanza.

Mlangoni pana daftari la wageni, la karatasi hasa.
Watu wameandika *safi sana*, wamechora mioyo.
Nikajaza tarehe, jina kamili, S.L.P.,
na penye maoni, kwa mwandiko wa masijala:

*Skrini namba 11. Ukuta nautambua.
Mpaka wa kaskazini, mpapai wa jirani.
Wa kusini, bomba.
Kanga haimo katika mauzo.*

Kisha, kwa kuwa muhuri sina tena,
nikapuliza wino ukauke.